Je, Yafaa Kuchanganya Petroli?

Wenye motakaa huulizana mara nyingi kama yafaa kutia mafuta ya taa, au dawa ya kuyeyushia rangi, ndani ya petroli ili kupunguza gharama. Jibu ni kwamba haifai, na sababu zake ni hizi.

Petroli hugeuka mvuke upesi, bali mafuta ya taa hukawia. Yasiyoungua hushuka kando ya pistoni, yakaosha na kuzimua oili ilainishayo silinda. Ndipo chuma husagana na chuma. Tena mchanganyiko huo hulipuka wakati usio wake, injini ikagonga na kupungukiwa nguvu, na plagi zikaingia masizi. Dawa ya rangi nayo huweza kuharibu mipira ipitishayo petroli. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa kusafishia injini. Hizo hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa tu.

Hila hiyo ilienea hata Serikali ya Kenya, mwezi wa Septemba 2018, ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwavute wachanganyaji.

Mtu wa Eldas hana budi kujihadhari zaidi. Gari likifa katika njia ya Wajir, huenda limechukua mgonjwa, na maji yako mbali. Basi na anunue kwa muuzaji ajulikanaye kwa uaminifu. Wala asitie petroli katika debe la mafuta ya taa, kwani kidogo tu ikiingia ndani ya taa huweza kuteketeza nyumba.