Watafuta kwenu? Anza na jina kabla ya tiketi

Nikikuuliza Ukraine na Mbaraki zinajuana wapi, najua utanicheka. Utasema labda kwenye ngano. Sawa, ngano ya kule imeshuka Kilindini miaka mingi, na vita vilipowaka Februari 2022 sote tuliona unga wa chapati ulivyopanda bei. Lakini kuna meli nyingine zilizopita mbele ya Mbaraki zikaingia Kilindini, miaka themanini na kitu iliyopita, na ndani yake hamkuwa na ngano. Mlikuwa na kina mama na watoto, wengi wao wa kutoka sehemu ambayo leo inaitwa Ukraine.

Wajukuu wa watoto wale sasa wanatafuta asili yao, na ukiwafuata hatua kwa hatua, ramani yao inapita kwetu. Nimewasoma sana, maana chuo nilikiacha lakini kusoma sikuacha. Na kila nikisoma naona funzo ambalo wewe na mimi, vijana wa Mombasa, tunalihitaji kuliko hata wao.

Kisa chenyewe ni hiki. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huo huo Muungano wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Upande huo wa mashariki, wenye miji kama Lwów, waliishi Wapoland, Waukraine na Wayahudi, mara nyingi kijiji kimoja, na wakioana. Kuanzia Februari 1940 askari wa Stalin wakawa wanagonga milango usiku. Fungasha, twende. Familia nzima nzima zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan, huko kazi ni kukata miti kwenye theluji.

Mwaka 1941 Hitler alipomgeukia Stalin, watu hawa wakaruhusiwa kuondoka. Mwaka 1942 maelfu wakavuka Bahari ya Caspian wakaingia Iran. Wanaume wenye nguvu wakachukuliwa jeshini. Waliobaki, yaani kina mama, watoto na wazee, wakatafutiwa pa kuwekwa, na Waingereza wakaamua kuwaleta kwenye makoloni yao Afrika.

Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Hapa Kenya walipita Makindu, Rongai na Nyali. Ndiyo, Nyali hii hii unayoijua wewe. Fikiria mtoto aliyeganda Siberia juzi, leo yuko chini ya mnazi, jasho linamtiririka, anashangaa embe.

Vita vikaisha 1945, lakini nyumbani hapakuwapo tena. Mpaka ulikuwa umesogezwa. Lwów ikawa ndani ya Ukraine ya Kisovieti, na nani angerudi mikononi mwa waliomhamisha? Wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Wengine hawakuondoka kabisa. Tengeru kuna makaburi yao karibu 150, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, na watu hufunga safari kutoka mbali kuja kuyazuru. Kule Nyabyeya, Masindi, kanisa walilolijenga kwa mikono yao bado linasimama.

Sasa jiweke katika nafasi ya mjukuu wao. Unataka kwenda "kwenu". Kwenu wapi? Mji aliozaliwa nyanya umekuwa na majina manne: Lemberg wakati wa Waustria, Lwów wakati wa Wapoland, Lvov wakati wa Wasovieti, na leo Lviv. Sisi tunaosema Mvita, Mombasa na Kongowea kwa pumzi moja tunaelewa. Jina la ukoo nalo limeandikwa kwa herufi za Kilatini huku na za Kisirili kule, kila karani na tahajia yake. Na tangu Februari 24, 2022, anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria. Ukitaka kufika Lviv unaingia kwa treni au basi kutoka nchi jirani, na ving'ora vya mabomu vitakukuta huko.

Hata hivyo watu wanapata. Unajua wanapata vipi? Karatasi. Padri wa kijijini aliandika ubatizo na ndoa. Wasovieti waliandika waliyempakia behewani. Kambi ziliandika nani ameingia na nani amezaliwa. Poland leo kuna orodha za waliohamishwa ambazo unaweza kuzitafuta mtandaoni kwa jina. Waliwanyang'anya kila kitu, lakini jina lilibaki limeandikwa mahali.

Sasa twende wote hadi ng'ambo, uvuke daraja la Nyali ushuke Kengeleni. Ile kengele uliyoizoea pale njia panda ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa 1875 na wamishonari wa CMS kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru. Jina limetoka kwa Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja 1873 kumbana Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Waliokaa hapo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wengi wao walitekwa wakiwa watoto wadogo.

Kwa hiyo eneo hilo hilo moja lilipokea watu waliong'olewa kwao mara mbili, kwa tofauti ya miaka kama sabini. Lakini mjukuu wa kambi ya Nyali ana orodha ya majina. Mjukuu wa Freretown ana nini?

Chukua mfano wa Matthew Wellington. Alizaliwa Myao, jina lake Chengwimbe. Alitekwa utotoni, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa Nasik kule India, akarudi Afrika akiwa na jina la Kizungu. Alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na alifariki hapa Mombasa 1935. Yeye tunalijua jina lake la kwanza kwa sababu alisimuliwa mtu akaandika. Wenzake wangapi walibatizwa John na Mary, na lile la kwanza likaishia baharini? Leo unaweza kutema mate kwenye kichupa ukayatuma ng'ambo yapimwe DNA, na jibu litakuja na asilimia za sehemu fulani ya Afrika. Lakini kipimo hakitakuambia neno "Chengwimbe".

Ndiyo maana naupenda ukoo wa Mbotela. James Mbotela alikaa chini akaandika mambo ya watu wake, na kitabu chake *Uhuru wa Watumwa* kikatoka 1934. Ukimkumbuka Leonard Mambo Mbotela wa redioni, yule wa *Je, Huu ni Ungwana?*, alizaliwa Freretown hiyo hiyo. Ukoo huu haukupotea, na sababu mojawapo ni kwamba kuna mtu alishika kalamu mapema.

Usidhani haya ni mambo ya watu wenye nafasi, wa kupiga selfi kwenye kijiji cha babu. Hapa Pwani asili imekuwa ikiulizwa dirishani unapoomba kitambulisho. Babu alizaliwa wapi? Leta cheti chake. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba, waliishi Kenya miongo bila kitambulisho, maana yake bila akaunti ya benki na bila kura. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wakasubiri hadi 2023. Yakhe, karatasi ya babu inaweza kuwa ndiyo kazi yako wewe.

Na hapa kisiwani mfano tunao mlangoni. Nguzo ya Mbaraki imesimama miaka kama 300, matumbawe matupu, imara kutushinda sote. Simulizi zinasema ni ya mkuu mmoja wa Wachangamwe, lakini ukutani jina hulipati. Kando yake si mbali, makaburini Mbaraki, wamelala askari wa vita vile vile vya 1939, na mawe yao yana majina. Jiwe dogo lenye jina linamsaidia mjukuu kuliko nguzo kubwa iliyonyamaza.

Basi kabla hujauliza bei ya tiketi ya kwenda Hadhramaut, Makran, Unguja, Malawi au popote unapoambiwa ndiko kwenu, fanya haya ya bure. Washa simu urekodi mzee wa nyumbani akizungumza. Muulize majina ya vizazi vitatu, na la utani usiliache, maana mara nyingi ndilo lililoandikwa. Muulize walikuja kwa nini: jahazi, meli, treni au miguu, na mwaka wa tukio gani, kama hamkumbuki tarehe. Piga picha kipande cha babu, cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo, barua zenye stempu, na nyuma ya picha za zamani pia, kuna maandishi. Jua nani amezikwa wapi. Ukienda Nairobi, Nyaraka za Taifa ziko pale Moi Avenue, na watu wa kawaida kama sisi wanaruhusiwa kuingia kusoma.

Fanya hivyo wikendi hii, wakati mzee bado anakumbuka. Kama hujui pa kuanzia, mwandalie nyanya chai ya tangawizi, kaa naye barazani, umuulize swali dogo tu: kabla hujaitwa nyanya, kabla hujaitwa mama fulani, ulikuwa ukiitwa nani, na nani alikupa jina hilo?