Je, Wajua? Hazina Zilizo Kando ya Jogoo Road

Wewe unayengoja matatu hapo Mbotela, tuanze na jina la mtaa wenyewe. Mbotela ni Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952. Babake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa 1934. Na wa familia hiyo hiyo, Leonard Mambo, ndiye yule mtangazaji wa redioni, aliyeanza kutuuliza kuhusu ungwana mwaka 1966! Ukiona nakala kuukuu ya kitabu cha mzee ikiuzwa juu ya gunia, usibishanie bei. Chukua, lipa, ondoka.

Una nyanya nyumbani? Mwombe lile kopo lake la vifungo. Tafuta humo senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi za mkoloni, ile pana yenye tundu katikati, halafu usome mwaka. Ikiwa ni 1936, tulia. Izungushe polepole kwenye mwanga: upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, upande wa pili kuna taji. Sasa soma jina la mfalme. Likiwa EDWARDVS VIII, umeshika kioja cha dunia nzima.

Mbona kioja? Mfalme huyo alikaa kitini siku 326 tu, akakiacha ili aoe. Kule kwao Uingereza haikutolewa rasmi hata sarafu moja yenye jina lake watu wakaitumia sokoni. Huku kwetu watu walinunulia chumvi! Unajua siri yake? Sarafu yenye tundu haina nafasi ya kichwa cha mfalme, kwa hivyo viwanda havikungoja achorwe sura. Jina lilitosha.

Angalia tena kwa makini. Ukiona herufi H, au KN, hiyo ni alama ya kiwanda cha Birmingham kilichoigonga. Wakusanyaji hutafuta zote, pamoja na isiyo na herufi.

Na bei? Januari 2020, sarafu ya dhahabu ya mfalme huyo huyo, mojawapo ya zile chache za majaribio, ilinunuliwa kwa pauni milioni 1. Yako haitafika huko, usiache kazi. Zetu ziligongwa kwa mamilioni, na ndiyo maana moja inaweza kuwa kwenye kopo la vifungo.

Tukiwa bado kwenye pesa: toa noti yoyote mfukoni. Je, wajua kwamba Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye pesa zetu? Basi noti za 2019 zikaja na jengo la KICC, na mbele ya jengo, sanamu ya Jomo Kenyatta ameketi. Watu walienda kortini! Korti ikaiacha noti ilivyo.

Mwaka 2003 Kenya ilitoa sarafu ya shilingi 40. Arubaini kamili, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ukiwa nayo, usimpe kondakta.

Stempu je? Mwaka 1925 Kenya na Uganda zilikuwa na stempu ya pauni 100, nyeusi na nyekundu, yenye sura ya Mfalme George wa Tano. Pauni mia, kwa kipande cha karatasi unachoweza kukificha chini ya kidole gumba! Ni mojawapo ya stempu zenye thamani kubwa zaidi kuwahi kuchapishwa usoni pa stempu popote duniani. Barua gani hiyo ingeihitaji? Nyingi zilitumika kwa kodi na ada za serikali.

Ukishuka Ambassadeur, vuka uingie Makavazi ya Kitaifa. Utakutana na mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyejiuzulu 1966 na kuacha siasa akakusanya vitu: sanaa, stempu, nguo, na vitabu zaidi ya 50,000. Kati yake, vitabu 8,000 vilichapishwa kabla ya 1900. Elfu nane! Mwaka 1972 yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa ya Afrika nzima hapa Nairobi. Maelfu hupita nje ya mlango huo kila siku wakikimbilia matatu, na ninashuku wewe ni mmoja wao.

Sasa shika hii. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, hakuwa na pesa za rangi. Akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikatakata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi mpaka vikawa wanyama na watu wa kijijini. Mwaka 1990 picha zake zilikuwa ukutani Harlem, New York. Pakiti ya unga! Yako uliitupa asubuhi.

Je, wajua kuna mchoraji anayeitwa Sane kwa sababu watu walisema ana wazimu? Walter Njuguna Mbugua aliacha kazi ya ualimu ili achore, majirani wakamwona amerukwa na akili. Akajibandika jina la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu, Sane Wadu, na kazi zake zikatafutwa na matajiri.

Vuka Eneo la Viwandani ufike Lunga Lunga, Mukuru. Wajukuu Art Project, kikundi cha vijana wa huko, kilialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta mwaka 2022. Walifunika lango la ukumbi kwa mabati yaliyochakaa, ukaingia kama unaingia kijiji cha Wamaasai na mtaa wa mabanda kwa pamoja. Mji wa Kassel ukawapa Tuzo ya Arnold Bode. Mabati yale yale unayoyaona ukipita!

Cyrus Kabiru alipokuwa mtoto alitaka miwani, babake akamwambia ajitengenezee. Akajitengenezea. Leo miwani yake ya nyaya, vijiko na takataka za Nairobi iko katika jumba la Zeitz MOCAA, Cape Town. Hutaona vizuri ukiivaa, lakini watu watakuona wewe.

Hapa nipe dakika, maana huyu nampenda kupita wote. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi 1950, na ni mfinyanzi asiyetumia gurudumu. Huanza na bonge la udongo, akalivuta kwa mikono, akaongeza mviringo juu ya mviringo hadi shingo ya chungu inapinda kama shingo ya mtu anayesikiliza. Hakipaki rangi ya kung'aa hata tone. Mng'ao wote ni wa kusugua. Na weusi? Anakichoma mara ya pili tanuri likinyimwa hewa, moshi ukaingia kwenye udongo wenyewe. Mwaka 2020 chungu chake kimoja kilipita pauni 200,000 mnadani. Hakiweki maji, hakipiki ugali, na watu wanapigania.

Alijifunza wapi? Sehemu moja ni Abuja, Nigeria, palipofanya kazi mfinyanzi Ladi Kwali. Ukipata noti ya naira 20, igeuze: yuko hapo nyuma na chungu chake. Taja nchi nyingine iliyomweka mfinyanzi kwenye noti, nami nitakununulia chai.

Jumba la Metropolitan, New York, lina vishubaka vinne mbele ya ukuta wake vilivyojengwa kwa ajili ya sanamu. Vilikaa vitupu tangu 1902. Miaka 117! Aliyevijaza hatimaye, mwaka 2019, ni mzaliwa wa Nairobi, Wangechi Mutu, kwa wanawake wanne wa shaba walioketi wima.

Mwaka huo huo, mnadani New York, picha ya Michael Armitage ilikadiriwa dola 50,000 hadi 70,000. Nyundo ilipotulia, bei ilikuwa zaidi ya dola milioni 1.5. Naye ni wa Nairobi, na hachori kwenye turubai la kawaida. Anachora kwenye lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba kutoka Uganda. Mti hauangushwi: huvuliwa gome, hufungwa majani ya mgomba, kisha huota gome jingine.

Teremka pwani kidogo. Kanga za Mali ya Abdulla hutoka duka moja la familia Mombasa, lililoanzishwa 1887. Na Lamu, mwaka 2018, walizindua jahazi la tani 10 za plastiki lililovishwa malapa 30,000 yaliyookotwa. Jahazi hilo, Flipflopi, likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar bila kuzama, usicheke.

Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 kwa rangi ya kupaka baiskeli. Polisi walimpiga risasi kimakosa 1972. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa mtindo mzima.

Si kila kitu kizuri ni cha kukusanywa, lakini. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee wa Kimijikenda kando ya vigango viwili, nguzo za kuwakumbuka ndugu zake waliokufa. Baadaye kidogo vikaibwa. Vilipatikana Marekani, kimoja Illinois, kingine Virginia, na vikarudi 2007. Ukiambiwa kigango kinauzwa, jua ni kama kaburi la mtu linalouzwa.

Haya, tupumue. Ule ndovu kwenye lebo ya Tusker? Mmoja wa waanzilishi wa kiwanda chake, George Hurst, aliuawa na ndovu 1923, na bia ikapewa jina kwa ajili hiyo. Sijui ndovu alilipwa nini.

Na muziki? Bendi ya Boney M walichukua wimbo wa Malaika 1981, kisha wakaja tena kuchukua Jambo ya Them Mushrooms 1983. Sahani za santuri za asili bado utazipata Kenyatta Market, kibanda nambari 570. Nenda na pesa taslimu na mchana mzima.

Na nganya, zile matatu zilizorembwa? Februari 2004 sheria za Waziri Michuki zilileta mstari wa manjano na mikanda, na michoro ikaanza kufutwa. Leo kuremba gari moja la Buruburu huweza kula mamilioni ya shilingi. Michuki hayupo, michoro imerudi na taa.

Na magazeti! Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe, jarida la vichekesho la Nairobi ambalo leo wakusanyaji hulisaka. Shujaaz, katuni ya Sheng iliyogawiwa bure tangu 2010, ilishinda Emmy ya kimataifa 2012. Bure! Na Edward Gitau alichora katuni ya Juha Kalulu peke yake kwa zaidi ya miaka 50. Kwa hivyo mwuza nyama akikufungia nusu kilo kwa Taifa Leo ya zamani, fungua hapo hapo dukani uone kama Juha yumo, kabla damu haijamfikia.