Mtoto au mutoto?

Kwetu Himbi, jioni haipiti bila swali dogo la kubishania. Linalorudi mara nyingi ni hili: mtoto au mutoto? Wenye kamusi hutucheka watu wa Goma. Mimi nawatetea wanaochekwa. Kiambishi mu- ni cha kale katika lugha za Kibantu. Kiunguja, kilichoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kimedondosha u mbele ya konsonanti. Mbele ya irabu bado ipo: mu- na -ana huzaa mwana, na muuzaji hachekwi na yeyote. Darasani tuandike mtoto, ndiyo kanuni ya usanifu. Lakini anayetamka mutoto asiambiwe kwamba hajui Kiswahili: ametunza irabu ya mababu.