Namba Iliyomsuta Fermat

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa. Hisabati aliifanya akishatoka mahakamani, na mara nyingi hakujisumbua kuandika uthibitisho. Mwaka 1640, katika barua zake, aliuzungumzia mfuatano uliomkaa moyoni: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila namba hupatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha kujumlisha 1. Zote tano ni namba tasa: hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini kwamba mfuatano huo utaendelea hivyo milele.

Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Hiyo ni 4,294,967,297.

Miaka karibu mia ikapita bila mtu kuipasua. Mwaka 1729 Christian Goldbach akamchokoza mwanahisabati mwenzake Leonhard Euler kwa barua, na mwaka 1732 Euler, akiwa St Petersburg, akatoa jibu: inagawanyika kwa 641, na jibu lake ni 6,700,417.

Usimwamini kwa sababu ya jina lake, shika kalamu. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Ongeza 6,700,417 yenyewe, ujumlishe zote tatu. Utapata 4,294,967,297 kamili, na hakuna ulichotumia zaidi ya hesabu za shule ya msingi.

Sasa, 641 ilitoka wapi? Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine atagawanya zaidi ya mara mia kabla ya kuifikia. Euler baadaye alionyesha njia ya mkato: kigawo chochote tasa cha 4,294,967,297, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo peke yake linafagia karibu zote. Zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Kinachoniuma kwa niaba ya Fermat ni kwamba sharti lenyewe linatokana na kanuni yake mwenyewe, aliyoiandika mwaka uleule wa 1640. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Na ukitoa 2 kwenye 4,294,967,297, unabaki na 4,294,967,295, ambayo ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537: tasa zote tano za Fermat zikizidishwa pamoja. Wataalamu wa kompyuta wanaijua vizuri, maana ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 32.

Tasa ya sita haijaonekana mpaka leo. Kuanzia hii ya Euler, namba 28 mfululizo zimethibitika kuwa si tasa. Ya 34 katika mfuatano, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, bado haijaamuliwa. Ajabu zaidi ni ya 21 na ya 25. Inajulikana kwa uhakika kwamba zinagawanyika, ila hakuna aliyewahi kutaja hata kigawo tasa kimoja cha mojawapo.