Mwanafunzi wa Uuguzi Mbele ya Nyumba Ntobhu

Mimi ni muuguzi mkunga, na nasimamia wanafunzi wanaokuja mazoezi ya vitendo huku Serengeti na Tarime. Kupima presha au kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni wanajifunza upesi. Kinachochelewa ni kuacha kumshangaa mgonjwa.

Asubuhi moja kliniki alikuja binti mjamzito akiongozana na bibi mmoja. Mwanafunzi alipofika sehemu ya mwenza kwenye kadi, akauliza baba wa mtoto yuko wapi. "Huyu ni mke wangu, mwanangu," bibi akajibu. "Niandike mimi." Mwanafunzi akaangua kicheko, akamwita mwenzake aje asikie. Binti akainama, na tangu hapo kila alichoulizwa alinyamaza.

Kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akamwoa mwanamke mwenzake. Ndiyo nyumba ntobhu. Si mapenzi kati yao. Binti huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa wa nyumba ya bibi, wakairithi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mume na mke tu, lakini mimba ipo na mama anahitaji huduma. Yule mwanamume naye tunamhitaji, maana VVU na kaswende hupimwa wenza wote wawili. Ukishamcheka bibi, nani atakutajia jina la mwanamume huyo? Nilimwita binti pembeni, nikamuuliza kwa upole kama mwanamume anayekutana naye anaweza kuja kupimwa. Alimtaja.

Ukeketaji ni mtihani mgumu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wetu wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kovu halitanuki kama ngozi nzima, hivyo mama huweza kuchanika vibaya anapojifungua. Inaniuma kumsikia mwanafunzi akiguna "Hawa nao!" mama akiwa katikati ya uchungu. Mama huyo alishikwa na watu wazima akiwa mtoto, hakuna aliyemuuliza.

Kumheshimu si kuunyamazia ukeketaji. Tangu 1998, kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, kifungo miaka 5 hadi 15. Mama aliyejifungua mtoto wa kike usiku huu ndiye wa kuzungumza naye kuhusu huyo mtoto, na atamsikiliza yule ambaye hakumdhalilisha leba.

Wanafunzi wenyeji wana mzigo wao. Desemba wanarudi likizo, na ndio mwezi wa kukeketa. Mmoja wao, mzaliwa wa Tarime, alinijia kuhusu mdogo wake. Tulizungumza kirefu: dawati la jinsia la polisi, kituo cha Masanga na nyumba salama ya Mugumu wanakopokelewa wasichana wanaokimbia kukeketwa, na nani pale nyumbani mwenye sauti mbele ya wazee. Akasema ataanza na baba yake mdogo.