Donati ya dola 5: Unga ni senti 2, nyingine ni za nini?

KWA mama anayeuza maandazi kituo cha daladala, donati moja kuuzwa dola 5 za Marekani ni kama mzaha. Mwaka 2013 fedha hiyo ilikuwa takriban Sh8,000 za Tanzania. Hata hivyo, mwaka huo wakazi wa jiji la New York na wageni wao walidamka alfajiri kupanga foleni ili wauziwe, na waliochelewa waliondoka mikono mitupu.

Duka hilo ni la mwokaji Mfaransa, Dominique Ansel, na liko mtaa wa Spring, eneo la SoHo. Alilifungua Novemba 2011 akiwa na wafanyakazi wanne tu. Mei 10, 2013 alianza kuuza Cronut, ambayo ni mchanganyiko wa donati na kroisanti, ule mkate wa Kifaransa wenye tabaka nyingi za siagi. Siku ya tatu tu, foleni ilikuwa imeshapita watu 100.

Mlango ulifunguliwa saa 2 asubuhi, lakini wapo waliofika kabla ya saa 12. Baada ya saa zote hizo za kusimama, mteja aliruhusiwa kununua mbili tu. Walizuka hata walanguzi waliopanga foleni kisha wakaziuza mitaani kwa bei ya kuruka.

Swali la mfanyabiashara ni moja: je, dola 5 hizo zinalipia nini?

Hesabu ya unga

Wakulima wa Marekani huuza ngano kwa busheli, kipimo chenye kilo 27 hivi. Busheli moja ikisagwa hutoa karibu kilo 19 za unga mweupe. Donati ikichukua gramu 50 za unga, busheli hiyo inatosha donati 380.

Mwaka 2013 mkulima wa huko alilipwa karibu dola 7 kwa busheli. Gawanya kwa donati 380: mkulima wa ngano anapata takriban senti 2 katika donati inayouzwa senti 500.

Unga si kila kitu. Kuna siagi, maziwa, mayai, sukari na mafuta ya zabibu ya kukaangia. Lakini wenye maduka ya vyakula kwa kawaida hujitahidi malighafi zote zisizidi theluthi moja ya bei. Zinazobaki ni mishahara, pango, umeme, kodi na faida.

Kazi nayo ni kubwa. Cronut huchukua siku tatu kutengenezwa. Unga hukandwa, hupumzishwa, hukunjwa na siagi, hupumzishwa tena, kisha hukatwa, huumuka na kukaangwa. Baada ya hapo huviringishwa kwenye sukari, hujazwa krimu na kupakwa sukari ya juu. Ikishatoka jikoni inatakiwa kuliwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu ya bei ni halali, kwa kuwa jasho lipo.

Uhaba nao huuzwa

Lakini jasho pekee halileti foleni alfajiri. Ansel alitengeneza mia chache tu kwa siku. Kila mwezi alitoa ladha moja, na mwezi ukiisha ladha hiyo hairudi. Mwezi wa kwanza ilikuwa waridi na vanila, wa pili limau na sharubati ya mti wa mepo. Aliyeikosa ya Mei alijua ameikosa moja kwa moja.

Pia alisajili jina. Jambo hili lina somo lake, kwa sababu sheria ya alama za biashara hulinda jina, si wazo la kukaanga unga wenye tabaka. Novemba 2014 kampuni ya Dunkin' Donuts ilianza kuuza Marekani donati ya kroisanti kwa dola 2.49, nusu ya bei ya Ansel. Isingeweza kuiita Cronut, lakini hakuna aliyeweza kuizuia kukaanga.

Chakula cha mvuja jasho

Awali donati haikuwa chakula cha kitajiri. Mwaka 1920, mhamiaji kutoka Urusi, Adolph Levitt, alibuni mjini New York mashine ya kutengeneza donati, ikawezekana kuzitoa kwa wingi na kwa bei nafuu. Mwaka 1948 William Rosenberg, aliyekuwa akiuza vyakula kwa wafanyakazi wa viwandani, alifungua duka Quincy, jimbo la Massachusetts. Donati ilikuwa senti 5 na kahawa senti 10. Duka hilo ndilo lililokuja kuitwa Dunkin' Donuts mwaka 1950.

Senti 5 za mwaka 1948 ni sawa na senti 50 hivi za mwaka 2013. Kwa maneno mengine, Cronut iliuzwa mara kumi ya donati ya mfanyakazi.

Aliyeonyesha mapema kuwa bei inaweza kupanda ni Mark Israel. Mwaka 1994 alianza kukaanga donati katika chumba cha chini ya ardhi huko huko New York, akitumia maelekezo ya babu yake aliyekuwa mwokaji. Hakuwa na duka. Alizisambaza kwa baiskeli kwenye maduka ya vyakula vya bei ya juu. Alifungua duka lake, Doughnut Plant, mtaa wa Grand mwaka 2000, baada ya miaka sita ya kujenga wateja.

Si wote waliovuka salama. Blue Star Donuts ya Portland, jimbo la Oregon, ilianza mwaka 2012 na donati za unga wa mayai na siagi nyingi, ikaongeza matawi hadi Los Angeles. Korona ilipokata wateja mwaka 2020, iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai. Duka la anasa hubeba pango la anasa, na mteja akipungua, anasa ndiyo anayoiacha kwanza.

Vanila ya Kagera

Mkulima wa Afrika Mashariki yumo katika mnyororo huu kupitia vanila, inayolimwa Madagascar, Uganda na mkoani Kagera. Wakulima wa Kagera hawahitaji kufundishwa kuhusu bei ya fasheni. Vanila ilipaa mwaka 2003, ikaporomoka mwaka uliofuata. Mwaka 2018 ilipita dola 500 kwa kilo katika soko la dunia, kisha ikashuka tena.

Kinachomsaidia mkulima ni kile kile kinachomlipa mwokaji: kazi ya mikono inayochukua muda. Ua la vanila huchavushwa kwa mkono asubuhi ya siku linapochanua. Ganda hukomaa kwa miezi tisa. Kisha hutumbukizwa katika maji ya moto, hufunikwa kwa mablanketi litoe jasho, na kukaushwa taratibu kwa miezi kadhaa. Kilo tano hadi sita za vanila mbichi hutoa kilo moja iliyokauka. Anayevuna changa kwa kuogopa wezi au kwa haraka ya fedha anauza ganda lisilo na harufu, na hapo hubaki na fungu la mkulima wa ngano.

La kuchukua

Muuza maandazi asikimbilie kupandisha bei kwa sababu New York wamepandisha. Kule wapo watu wengi wenye kipato, na watalii wanaonunua mara moja wapige picha. Biashara ya kituo cha daladala inaishi kwa mteja yule yule anayerudi kesho.

Lakini mambo matatu hayahitaji SoHo. La kwanza ni kujua gharama ya kila andazi, kuanzia unga, mafuta na mkaa hadi saa za kazi. La pili ni kuanza bila pango kubwa, kama mwenye baiskeli, na kupeleka mzigo kwenye maduka na hoteli zenye wateja tayari. La tatu ni jina: likishaanza kujulikana, lisajiliwe Brela kama alama ya biashara kabla hajatokea mwingine kulitumia.

Na kwa mkulima, kabla ya kuuza mbichi, aulize hatua inayofuata inafanywa na nani, na inalipwa kiasi gani.