Mifupa yako ikikonda, kuna sindano ya kuijenga upya

Je, umewahi kumwona mama mzee akishuka kutoka kwa matatu pale steji ya Thika, akakosea hatua moja tu, akaanguka na kushindwa kuinuka? Wapita njia humnyanyua, humpangusa vumbi, na wengi wao husema, "Ni uzee tu." Lakini msomaji, mtu mzima anapoanguka kutoka kimo chake mwenyewe, yaani akiwa amesimama tu, na mfupa ukavunjika, hilo si jambo la kusingizia uzee. Huenda mfupa huo umekuwa ukiliwa kutoka ndani kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua.

Ugonjwa huo madaktari huuita osteoporosisi. Kwa lugha nyepesi, ni kukonda kwa mifupa. Ukiutazama mfupa kwa nje unaonekana mzima, lakini ndani ni kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Haumi, hauvimbi, wala hauleti homa. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mfupa kuvunjika: kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo au nyonga.

Shirika la Kimataifa la Osteoporosisi hukadiria kwamba, kote duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu waliopita umri wa miaka 50 huvunjika mfupa kwa sababu hii. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Kwa hivyo baba, usifunge ukurasa huu ukidhani ni habari za akina mama peke yao.

SI BARIDI YABISI

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Baridi yabisi na magonjwa mengine ya viungo huuma na kuvimbisha magoti, vidole na mabega. Hayo ni maradhi ya pale mifupa inapokutana. Osteoporosisi ni udhaifu wa mfupa wenyewe. Mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, lakini tiba zake ni tofauti.

Kwa hivyo ukisikia jirani huko Makongeni au Githurai akisema alidungwa "sindano ya mifupa" gotini na akapata nafuu siku hiyo hiyo, elewa kwamba kwa kawaida hiyo ni sindano ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Haijengi mfupa hata kidogo. Tena, tembe za steroidi kama vile predinisoloni zikimezwa kwa miezi mitatu au zaidi, huweza kuikondesha mifupa. Kama unazimeza kwa sababu ya pumu au maradhi ya viungo, usiziache ghafla, maana kuziacha ghafla ni hatari. Mwulize daktari wako, "Je, mifupa yangu inalindwa vipi?"

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi zilizo na tenofovira. Dawa hiyo huweza kupunguza uzito wa mfupa kwa kiasi fulani, lakini inaokoa maisha. Endelea nayo, na uulize kuhusu mifupa katika kliniki yako.

NYUMBA ISIYOISHA KUJENGWA

Ukitaka kuelewa kazi ya sindano hizi, fikiria ujenzi unaouona kila siku ukipita Ruiru kuelekea Kihunguro au Kamakis. Hapa fundi anapanga mawe ya Ndarugu, pale mwingine anabomoa ukuta wa zamani ili ujengwe upya. Mfupa wako nao uko hivyo hivyo. Ndani yake kuna chembechembe zinazobomoa mfupa uliochakaa, na nyingine zinazojenga mfupa mpya mahali pale pale.

Ukiwa kijana, wajenzi huwashinda wabomoaji. Mifupa hufikia nguvu zake za juu karibu na umri wa miaka 30. Baadaye wabomoaji huanza kuwatangulia wajenzi polepole. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua, na ubomoaji huenda mbio. Ndiyo sababu akina mama wengi hupoteza mfupa kwa kasi katika miaka ya kwanza baada ya kukoma hedhi.

Dawa za ugonjwa huu ziko za aina mbili. Aina ya kwanza huwazuia wabomoaji. Humo mna tembe za alendroneti zinazomezwa mara moja kwa wiki, dripu ya asidi ya zoledroniki inayowekwa mara moja kwa mwaka, na sindano ya denosumabu inayodungwa kila baada ya miezi sita. Aina ya pili huwaamsha wajenzi wafanye kazi. Hizi ndizo sindano za kujenga mfupa.

SINDANO ZENYEWE

Ya kwanza kuidhinishwa ni teriparataidi, iliyokubaliwa nchini Marekani mwaka 2002. Imetengenezwa kwa kuiga kipande cha homoni inayotolewa na tezi nne ndogo zilizoko shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi. Homoni hii ina tabia ya ajabu. Ikizidi mwilini mchana na usiku, huondoa kalsiamu mifupani. Lakini ikija kidogo mara moja kwa siku kisha ikaondoka, huwaamsha wajenzi. Hiyo ndiyo siri ya sindano hii: mikrogramu 20 kila siku, chini ya ngozi ya paja au tumbo, kwa muda usiozidi miaka miwili.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanawake 1,637 waliokuwa wamekwisha kuvunjika pingili za mgongo walifuatiliwa. Waliodungwa kipimo hicho walipunguza hatari ya kuvunjika pingili nyingine kwa asilimia 65, wakilinganishwa na waliodungwa sindano isiyo na dawa. Mifupa mingine nayo ilivunjika mara chache zaidi, kwa asilimia 53.

Sindano ya pili, romosozumabu, ina chimbuko hapa Afrika. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini kuna familia chache zenye ugonjwa wa kurithi unaofanya mifupa kuwa minene na mizito kupita kiasi. Mwaka 2001 wanasayansi waligundua kwamba wagonjwa hao hukosa protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuwatuliza wajenzi wa mfupa. Wakajiuliza: tukiizuia protini hiyo kwa mwenye mifupa dhaifu, je, wajenzi wake hawataamka? Jibu likawa ndiyo. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Hudungwa na mhudumu wa afya mara moja kwa mwezi, kwa miezi 12. Katika utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha zaidi ya wanawake 7,000, ilipunguza kuvunjika kupya kwa pingili kwa asilimia 73 katika mwaka wa kwanza.

Hata hivyo, msomaji, usitarajie miujiza. Sindano hizi hazinyooshi mgongo uliokwisha kupinda, wala hazirudishi kimo kilichopotea. Kazi yake ni kuzuia mfupa unaofuata usivunjike. Na kwa mtu aliyekwisha kuvunjika mmoja, hilo ndilo jambo kubwa, kwani mfupa mmoja ukivunjika kwa ugonjwa huu, hatari ya mwingine kufuata hupanda.

JE, NI ZAKO?

Si kila mwenye mifupa dhaifu anayehitaji sindano ya kujenga. Ni ghali mno, na kwa wengi tembe za alendroneti, ambazo ni za bei nafuu zaidi, hutosha. Sindano hizi hufaa hasa walio katika hatari kubwa: aliyevunjika pingili zaidi ya moja, aliyevunjika nyonga au mgongo hivi karibuni, ambaye kipimo chake kiko chini kabisa, au aliyeendelea kuvunjika huku akimeza tembe ipasavyo. Kwa watu kama hao, kuanza na dawa ya kujenga kisha kufuatisha ya kuzuia ubomoaji huleta faida zaidi kuliko kuanza kinyume chake.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa mashine iitwayo DEXA. Unalala tu kitandani, huumii. Tangu mwaka 1994, Shirika la Afya Duniani hutumia alama ya kutoa 2.5 au chini ya hapo kuwa ndiyo osteoporosisi. Mashine hizi ni chache nchini, na nyingi ziko Nairobi. Lakini hata bila kipimo, nyonga au pingili iliyovunjika kwa kuanguka kidogo yatosha kumfanya daktari auchunguze ugonjwa huu. Anza katika hospitali iliyo karibu nawe, iwe Thika Level 5 au ile ya Ruiru, na uombe barua ya kukupeleka kwa mtaalamu wa mifupa au wa homoni. Mwambie pia kama umepungua kimo, au kama mama au baba yako aliwahi kuvunjika nyonga.

Kabla ya sindano ya kwanza, damu yako hupimwa kalsiamu, vitamini D na kazi ya figo. Mwambie daktari yote. Kama umewahi kutibiwa saratani kwa miale au una saratani iliyofika mifupani, teriparataidi si yako. Kama umepatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi katika mwaka uliopita, romosozumabu si yako.

Huenda ukasikia kwamba teriparataidi huleta saratani ya mfupa. Hofu hiyo ilitokana na panya wa maabara waliopewa vipimo vikubwa kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Watumiaji walifuatiliwa kwa miaka mingi bila ongezeko hilo kuonekana kwa binadamu, na mwaka 2020 onyo kali lililokuwa kwenye pakiti liliondolewa huko Marekani.

KUISHI NA SINDANO

Teriparataidi huja katika kifaa kama kalamu, kinachofanana na kile cha insulini. Ukiweza kujidunga insulini, hata hii utaiweza, au mwanao akusaidie. Siku za kwanza jidunge ukiwa umeketi, kwa sababu wengine hupata kizunguzungu muda mfupi baadaye. Misuli ya miguu yaweza pia kukaza, na tumbo kuchafuka.

Kalamu huwekwa kwenye friji, wala isigande. Ikifunguliwa hutumika kwa siku 28 tu, kisha hutupwa hata kama dawa imebaki. Kama huna friji, au umeme hupotea mara kwa mara mtaani kwako, mweleze mfamasia kabla ya kulipa. Nunua katika duka la dawa lililosajiliwa pekee. Dawa iliyochomwa na jua ndani ya mkoba wa mchuuzi ni pesa zilizotupwa.

USIACHE NJIANI

Hapa ndipo wengi hupotea. Mfupa uliojengwa kwa sindano ni kama ukuta mbichi: usipoulinda, wabomoaji hurudi kazini. Ukimaliza miezi 12 ya romosozumabu au miaka miwili ya teriparataidi, ni lazima uanzishiwe dawa ya kuzuia ubomoaji, la sivyo faida huyeyuka.

Denosumabu nayo haisamehe kuchelewa. Kipindi cha miezi sita kikipita kwa zaidi ya mwezi mmoja bila sindano, ubomoaji huweza kurudi kwa kishindo, na wengine wamevunjika pingili kadhaa kwa pamoja.

Kwa hivyo, kabla familia haijachanga wala kuuza ng'ombe, kaeni na daktari na kuuliza: Tiba nzima itagharimu pesa ngapi, si ya mwezi wa kwanza tu? Nini kitafuata sindano zikiisha? Bima yetu au SHA italipa sehemu gani? Kama pesa zitakwisha baada ya miezi mitatu, afadhali tembe unazoweza kuzimudu kwa miaka mingi. Tembe hizo za wiki humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa gilasi nzima ya maji, kisha usilale kwa nusu saa ili zisiunguze koo.

NYUMBANI

Sindano haifanyi kazi peke yake. Mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa huwa na takriban 300. Ongeza maziwa lala, omena waliotafunwa na mifupa yao, uji wa wimbi na sukuma wiki. Ota jua. Tembea kila siku. Punguza pombe na uache sigara.

Kisha itazame nyumba. Je, ngazi za ploti zina mahali pa kushika? Kuna taa njiani kuelekea choo cha nje? Slipa zake mama zimelika soli? Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo.

Kila tarehe 20 Oktoba, Wakenya huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo hiyo ulimwengu huadhimisha Siku ya Osteoporosisi. Ukienda nyumbani siku hiyo kumwona nyanya yako, mtazame vizuri anapoinuka kukusalimia. Ikiwa mgongo umeanza kupinda na rinda lililokuwa likimfika miguuni sasa linaburura chini, usimwambie, "Ni uzee, shosho." Mpeleke hospitalini kabla hajaanguka.